Sababu ya Kumwondoa Bi. Mabry

Simpendi Wendell Crutchfield, na sitajifanya. Watu wa kanisani huniambia, Idella, samehe, moyo utakuwa mwepesi. Moyo wangu ni mwepesi tayari. Ninalala vizuri, ninakula vizuri, na kila asubuhi nikiamka bado simpendi. Kwa hiyo ukitaka habari za Verlene Mabry zilizolainishwa, kaulize kwa mwingine.

Mimi na Verlene tulipika pamoja miaka kumi na minane katika jiko la shule ya msingi ya Tolliver, kaunti ndogo kusini mwa Georgia ambako watu wa barabara kuu hawasimami ila kwa kujisaidia. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Mikate midogo ya siagi aliyoitoa kwenye oveni saa moja asubuhi iliwafanya walimu wa kizungu, ambao dukani hawakuwa wakimsalimia, wapitie mlango wa nyuma wakitabasamu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na siku za kazi hakuwa na maneno mengi. Maneno yake aliyawekea Jumapili.

Maana Verlene ndiye aliyekuwa mwitikiaji wetu katika kanisa la Mlima Nebo. Cheo hicho hakimo kwenye katiba ya kanisa, lakini hakuna asiyekijua. Kwetu sisi, mtu akisimama kusema jambo la kweli, haachwi aliseme peke yake. Kumsikiliza kimya ni kama kumwona mtu kabeba gunia ukamtazama tu. Kwa hiyo tunaitikia. Wengine husema Amina, wengine husema Sema, Mchungaji. Verlene alikuwa na sauti moja tu, Mmh, iliyoanzia chini ya kifua na kupanda taratibu, na ikishatoka, mhubiri aliyekuwa akitapatapa hupata pa kukanyaga. Mhubiri akiboronga kabisa, aliongeza, "Msaidie, Bwana," na watoto wakaangua kicheko. Sauti ile aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Hakujua anapoitoa, kama wewe usivyojua unapopepesa macho.

Liweke hilo akilini, maana ndilo walilomkamatia.

Kwetu kesi kubwa haiamuliwi na jaji peke yake. Raia wanaitwa, wanachaguliwa kumi na wawili, na hao ndio wanaosema mtu ana hatia au hana, na lazima wote kumi na wawili wakubaliane. Tuwaite wazee wa baraza, ingawa wengine ni wasichana wa miaka ishirini wanaotafuna chingamu. Barua ya wito ikifika kwa mzungu wa Tolliver ni usumbufu: anaiweka juu ya friji na kumtafuta daktari wa kumwandikia mgongo mbovu. Kwa Verlene ilikuwa heshima. Baba yake, mzee Hosea, alisimama mara moja katika mahakama ile ile mwaka 1949, kutoa ushahidi juu ya ng'ombe wake aliyeibwa. Wakamwita "mtoto" akiwa na miaka hamsini na miwili. Alikufa hajamwona mtu mweusi hata mmoja amekaa kwenye vile viti kumi na viwili. Verlene alitaka kukaa. Hakutaka zaidi ya hapo.

Aliitwa mara nne, na mara nne akaondolewa. Sheria inampa kila wakili nafasi kadhaa za kumwondoa mtu asiyemtaka, na zamani hakulazimika kusema kwa nini. Crutchfield alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti tangu nywele zake zikiwa bado za rangi. Mara mbili za kwanza alisema tu, "Tunamshukuru Verlene," na Verlene akachukua mkoba wake akatoka. Mwaka 1986 mahakama kuu ya nchi ikasema basi, ukiwaondoa watu weusi utoe sababu, na sababu isiwe rangi yao. Tulifurahi sana. Tulikuwa wajinga. Mtu akitakiwa kutoa sababu, atatoa sababu.

Mara ya tatu sababu ilikuwa kwamba Verlene anaonekana hana furaha. Mwanamke wa kizungu aliyekaa kushoto kwake alikuwa amelala, mdomo wazi, na huyo akachukuliwa. Mara ya nne ikawa kofia. Alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka, ya zambarau, yenye utepe, na Crutchfield akamwambia jaji kwamba mwanamke anayevaa kofia ile ni mtu anayependa kutazamwa. Jaji Pickard alikubali zote mbili. Jaji Pickard angekubali hata sababu ingekuwa mvua.

Barua ya tano ilikuja Septemba 1991. Kijana aitwaye Tavares Purifoy, wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa ameshtakiwa kumpiga risasi na kumwua mwenye kituo cha mafuta. Shahidi alikuwa mmoja, na alichokiona ni mgongo wa mtu mweusi akikimbia. Kijana alisema saa ile alikuwa kwa shangazi yake anakata nyasi, na shangazi akasema hivyo hivyo. Verlene hakumjua kijana wala watu wake, waliishi ng'ambo ya mto. Lakini alijua hesabu ya Tolliver. Wazungu kumi na wawili wangemfunga maisha kwa mgongo ule. Kukiwa na mtu mmoja tu pale ndani wa kuuliza, "Jamani, ni migongo mingapi iko mji huu?" pengine wasingemfunga.

Tukafanya mazoezi jikoni watoto wakishakwenda. Mimi nilikuwa Crutchfield. Nilishika mwiko, nikatoa tumbo, nikamwita Verlene kwa jina tupu kama afanyavyo yeye, ambaye kwake kila mwanamke wa kizungu ni Bi. Fulani hata akiwa amelewa chakari.

"Usitabasamu sana," nikamwambia. "Atasema unamdhihaki."

"Nisipotabasamu atasema sina furaha."

"Basi tabasamu kidogo, upande mmoja."

Akajaribu. Nikamwambia sasa anafanana na mtu mwenye jino bovu, na tukacheka mpaka mlinzi wa shule akachungulia. Tulipanga kila kitu: bila kofia, gauni la kijivu, viatu vimepigwa rangi, macho yasimkazie mzungu wala yasimkimbie. Mama zetu walitufundisha kuyainamisha macho ili tubaki hai, na sasa ilibidi tujifundishe upya kwa sababu kuyainamisha nako kumekuwa kosa. Usiku ule wa Jumapili alipiga pasi lile gauni mara mbili. Hakuna kati yetu aliyekumbuka koo.

Jumatatu, tarehe saba Oktoba, nilichukua ruhusa nikaenda kukaa nyuma. Watu arobaini na wawili walikuwa wameitwa, sita ndio weusi. Crutchfield akawaondoa mmoja mmoja. Huyu ana binamu jela, na nani Tolliver hana. Huyu amechelewa kujibu. Huyu amejibu haraka mno. Ilipofika saa tano amebaki Verlene, amekaa wima, mikono juu ya mkoba, na hata mimi niliyemfundisha sikuona pa kumshika.

Ndipo akasimama wakili wa utetezi, mzungu mmoja mchovu aliyepangiwa kesi na mahakama, Bwana Teague, suruali imepauka magotini. Asubuhi yote hakuwa amesema la maana. Lakini hapo akaweka karatasi chini, akasema kwamba mtu yule aliyekaa pale hana hatia mpaka ithibitishwe, hata kama ni maskini, hata kama hakuna anayempenda katika chumba hiki. Alilisema taratibu, akanyamaza kidogo katikati, kama mhubiri. Nilimtazama Verlene. Nililiona koo lake. Nilijua kabla haijatoka, na sikuwa na la kufanya.

Mmh.

Chumba kizima kikasikia. Crutchfield akainua kichwa. Hakukasirika hata chembe. Alitabasamu kama mtu aliyekuwa anatafuta miwani yake akaikuta mfukoni.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "Verlene ameshaamua kesi. Tumemsikia sote."

Jaji Pickard akasema sababu hiyo haina rangi yoyote, imekubaliwa. Verlene akachukua mkoba wake. Nje, kwenye ngazi, mama mmoja mfupi aliyevaa nguo za kazi ya hospitali alikuwa amemsubiri. Ndiye Ernestine Purifoy, mama wa kijana. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa umebaki peke yako," akamwambia Verlene. "Mmoja tu, na umeshindwa kufunga mdomo."

Verlene akafungua kinywa, akakifunga. Siku ya Alhamisi wazungu kumi na wawili walitumia dakika hamsini kuamua, na nasikia ishirini kati ya hizo walikuwa wanakula. Tavares akafungwa maisha.

Mwaka uliofuata kanisa la ng'ambo ya mto likabomoka paa, na Ernestine akahamia kwetu. Viti ni vingi Mlima Nebo, lakini alichagua benchi la pili mbele ya Verlene. Wengine walisema ni bahati mbaya. Mimi nasema mwanamke yule alijua anachokifanya. Kila Jumapili Verlene aliutazama ule mgongo mfupi kwa saa mbili na nusu. Hakuhama. Lakini tangu Jumatatu ile ya mahakama hakuwa ameitikia tena.

Mwanzoni watu walidhani anaumwa. Mchungaji Battle, ambaye bila Verlene alikuwa akihubiri kama mtu anayesukuma gari lililozimika, alikwenda nyumbani kwake kumwuliza. Verlene akasema koo linamsumbua. Akampa na pai ya viazi vitamu aende nayo. Koo likaendelea kumsumbua mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa kumi. Siku moja nilichoka nikamgombeza, nikamwambia kijana alifungwa na wazungu kumi na wawili na jaji na yule shetani mwenye tumbo, si yeye.

"Nilikuwa nimeshaingia, Idella," akasema. "Ulikuwa umeniandaa vizuri, wala hakuwa na neno juu yangu. Mdomo uliponza kichwa. Na kichwa chenyewe hakikuwa changu."

Kila sikukuu ya Shukrani alioka mikate ile ya siagi, akaifunga kwa kitambaa safi, akaenda kuiacha mlangoni kwa Ernestine. Ernestine aliwapa mbwa. Hakufanya siri, aliwapa uani mchana kweupe, na jirani yake akatuletea habari. Mwaka uliofuata Verlene alioka tena. Nilimwambia hata mbwa wa ng'ambo ya mto sasa wananenepa kwa jasho lake, naye akasema ni sawa, mbwa hawakumkosea. Sikumwelewa, na kusema kweli nilimkasirikia. Nilimkasirikia yeye na Ernestine, wanawake wawili weusi wanaokulana mioyo kwa miaka, huku Crutchfield akichaguliwa tena na tena, akipata tuzo za utumishi, na picha yake ikatundikwa kwenye ukuta wa mahakama karibu na bomba la maji ya kunywa. Nilikuwa nikienda pale kulipia leseni ya gari nabaki na kiu yangu.

Verlene alistaafu, magoti yakamharibikia, mumewe Rayford akafa. Kwenye mazishi ya Rayford, Mchungaji Battle alisema mambo mazuri kabisa, ya kweli yote, na sisi tukaitikia. Mjane alikaa mbele, meno yameumana. Hilo nalo nimeliandika kwenye deni la Crutchfield.

Basi mwaka 2012, mwezi wa saba, tumekaa barazani kwa Verlene tunamenya kunde, gari dogo lililojaa makaratasi mpaka dirishani likasimama. Akashuka wakili kutoka Atlanta, msichana mweusi, mwembamba kama fimbo, akajitambulisha kuwa ni Renata Gaines, anamtetea Tavares. Alimwita Verlene Bi. Mabry mara tatu kabla hajakaa, nikampenda. Akatueleza kwamba alikuwa ameomba jalada la zamani la mwendesha mashtaka, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, na mwishowe sheria ya kumbukumbu za umma ikawalazimisha. Ndani ya jalada alikuta karatasi moja ya manjano. Akaiweka juu ya meza, pembeni ya bakuli la kunde.

Ilikuwa orodha ya wale watu arobaini na wawili, kwa mwandiko wa Crutchfield. Majina sita yalikuwa yamezungushiwa duara. Huna haja ya kuuliza ni yapi. Pembeni ya Verlene Mabry ameandika: Mpishi wa shule. Hapana. Tafuta sababu.

Verlene alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akasoma tena. Akaweka kidole juu kabisa ya karatasi.

"Hii tarehe ni ya nini?"

"Ijumaa, Bi. Mabry," Gaines akasema. "Tarehe nne. Siku tatu kabla hujaingia pale."

Verlene akanyanyuka, magoti yake yakilia, akaingia jikoni. Tukasikia bomba likimwaga maji, muda mrefu. Nilidhani analia. Aliporudi macho yalikuwa makavu, na nilimwona usoni kitu ambacho katika miaka yote ile sikuwahi kukiona. Ilikuwa hasira, safi, isiyo na lawama kwake mwenyewe.

"Nilikuwa bado napiga pasi," akasema. "Mimi napiga pasi Jumapili, yeye ameshaniondoa tangu Ijumaa. Ningekaa pale kama jiwe, angesema jiwe. Na nimefunga mdomo wangu nyumbani kwa Mungu miaka ishirini na mmoja kwa ajili ya yule mtu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na mmoja, na mtu mwingine ndiye aliyeitembea, ndani ya kuta, kwa minyororo.

Kesi ya kuomba hukumu ifutwe ilisikilizwa Oktoba, mahakama ile ile, viti vile vile. Jaji sasa alikuwa mwanamke, Jaji Hadley, sauti laini kama ya mtu anayesomea watoto. Watu wa Mlima Nebo tulijaza mabenchi matatu. Ernestine alikaa mbele kabisa, peke yake, mkoba magotini. Gaines alikuwa amemwonyesha ile karatasi kama alivyotuonyesha sisi, lakini hakuwa amemsemesha Verlene, wala Verlene hakumwendea. Tavares aliletwa, ana miaka arobaini na miwili, mvi pande zote mbili, mikono imefungwa kiunoni.

Crutchfield aliitwa kwanza, na fimbo yake ya mzee. Alisema hakumbuki. Akaulizwa maneno "tafuta sababu" yana maana gani. Akasema kwake yana maana ya kumchunguza mtu kwa makini. Akaulizwa mbona aliwachunguza kwa makini sita tu kati ya arobaini na wawili. Akasema hakumbuki.

Kisha Verlene. Alikwenda kwa hatua ndogo ndogo, amevaa kofia ya zambarau ya Pasaka, na nikaomba Crutchfield aione vizuri. Wakili wa jimbo, aliyekuja kuitetea hukumu ya zamani, alikuwa mwanamume mwenye viatu vya kung'aa na adabu nyingi, ile adabu inayokukata bila damu.

"Bi. Mabry, ni kweli siku ile ulitoa sauti?"

"Ni kweli."

"Wakati wakili wa utetezi anazungumza?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo sababu aliyoitoa Bwana Crutchfield ilikuwa ya kweli. Ilitokea."

Verlene alimtazama machoni, bila kukaza wala kukimbia, kama tulivyofanya mazoezi jikoni.

"Mimi niliitikia Jumatatu, mwanangu," akasema. "Yeye alinisikia Ijumaa."

Watu wakacheka, jaji akagonga meza. Nilimtazama Ernestine. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa unaushika mkoba na kuuachia, unaushika na kuuachia.

Wakati wa mapumziko Crutchfield alitukuta kwenye ukumbi, karibu na picha yake mwenyewe. Angeweza kupita. Badala yake akasimama, akaegemea fimbo.

"Verlene," akasema, "bado unaoka ile mikate? Sikuwa na ubaya na wewe, unajua. Ilikuwa kazi tu."

"Mimi ni Bi. Mabry."

Akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Bi. Mabry, basi. Nasema sikuwa na ubaya na wewe."

"Ungekuwa nao ingekuwa nafuu," Verlene akasema. "Mtu mwenye ubaya nawe angalau amekutazama. Wewe ulizungusha duara ukaenda kula chakula cha jioni." Akampita akaenda kunywa maji, akanywa polepole, chini ya picha ile. Mimi sikuwa na adabu yake. Nilimwambia Crutchfield maneno mawili ambayo Mchungaji Battle hakutaka niyarudie, kwa hiyo sitayarudia.

Saa nane Jaji Hadley alirudi na kusema hatatuchelewesha. Akasema ile karatasi inasikitisha. Akasema yeye binafsi amesikitika kuisoma, na kwamba inawezekana kabisa, kwa macho ya leo, rangi ndiyo iliyokuwa sababu. Benchi letu likaanza kusogea. Kisha akasema lakini. Sheria ya jimbo imeweka muda wa kuleta malalamiko kama haya, na muda umepita. Mshtakiwa angepaswa kuyaleta mapema.

Gaines akasimama akauliza angeyaletaje, wakati karatasi ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la mwendesha mashtaka mwenyewe. Jaji akasema, kwa sauti ile ile ya kusomea watoto, kwamba mtu angeweza kuomba kuliona jalada mapema zaidi. Hebu nieleze. Mtu anaficha ufunguo chini ya godoro lake, halafu anakuhukumu kwa kuchelewa kufungua mlango. Nimeitafuta haki katika maneno yale, na mimi si mjinga, nimesoma. Haimo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wahenga walisema, lakini wale walikwishafanya nusu ya kwanza na hiyo ndiyo iliyowatosha.

Maombi yamekataliwa, akasema. Tavares akageuza kichwa kumtafuta mama yake. Chumba kilikuwa kimya kabisa, kimya cha watu waliofundishwa tangu utotoni jinsi ya kukaa mahakamani. Askari wawili wa gereza wakamshika Tavares mikono ili wamwondoe.

Na kando yangu nikaisikia. Sikuwa nimeisikia miaka ishirini na mmoja, na nywele zikanisimama kabla sijajua ni nini. Ilianzia chini ya kifua, ikapanda taratibu, imezeeka kidogo, na ikajaza kile chumba mpaka juu.

Mmh.

Jaji Hadley akainua macho akauliza ni nani huyo. Kisha Ernestine Purifoy, kule mbele, bila kugeuka, mgongo wake mfupi umenyooka, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi.

"Sema, Dada Mabry."

Verlene akasema. Nami nikaitikia, na benchi letu, na benchi la nyuma yetu, na Mchungaji Battle mwenyewe ambaye kazi yake ni kuitikiwa. Jaji akagonga, akagonga tena. Tavares alikuwa amesimama mlangoni, na wale askari, sijui kwa nini, wakamwacha asimame.

Askari wa mahakama akaja haraka mpaka kwenye benchi letu. Alikuwa kijana mweusi tuliyemlisha sisi wawili tangu darasa la kwanza, na alikuwa anatoka jasho. Akainama kwenye sikio la Verlene.

"Mama Mabry, nakuomba, nyamaza. Nitapoteza kazi."

Verlene akamshika mkono, kwa upole, kama alivyokuwa akimshika pale foleni ya chakula asimwage maziwa.

"Nilinyamaza miaka ishirini na mmoja, mwanangu," akasema. "Mbona Tavares hakutoka?"

Kijana akainuka taratibu. Akasimama pale, mikono yake imening'inia, na Verlene akaitikia tena.